Mashine Isiyojua Moja

Shemeji yangu ana miaka hamsini na minne na alikuwa hajawahi kutengeneza kitu kimoja maishani mwake. Sisemi ni mvivu. Mvivu hatengenezi chochote. Huyu kila anachogusa hutoka elfu sita, elfu kumi, elfu ishirini, vyote sura moja kama watoto wa sungura, na hakuna hata kimoja unachoweza kukishika ukasema, naam, hiki ndicho.

Kiwandani wanamwita Mzunguko, kwa sababu anaendesha mashine ya kukata lebo, zile karatasi za gundi zinazobandikwa kwenye chupa za sabuni na makopo ya dawa ya viatu. Nitakueleza inavyofanya kazi, na usiogope. Mimi shule tuliachana darasa la sita kwa makubaliano ya pande zote mbili, na nimeielewa mashine ile kuliko meneja wao mwenye tai.

Kuna ngoma ya chuma, nene kama paja la mtu aliyekula akashiba, na juu ya ngozi yake vimechongwa visu vyenye umbo la lebo. Chini yake kuna ngoma ya pili isiyo na kisu hata kimoja, laini, inang'aa. Hiyo wanaiita Kipara. Karatasi inatoka kwenye roli kubwa kama gurudumu la trekta, inapita katikati ya hao wawili, inakatwa. Ngoma ikizunguka mara moja, sentimita arobaini zimepita. Ikizunguka tena, arobaini nyingine, umbo lilelile, mahali palepale. Haijui kubwa kuliko hiyo wala ndogo kuliko hiyo. Ukitaka umbo jingine, uchongewe ngoma nyingine, na ngoma haichongwi kama kijiti cha meno.

Ujanja wote uko kwenye nafasi kati ya visu na Kipara. Karatasi ya lebo ina tabaka mbili: ya juu ndiyo lebo yenyewe, ya chini ni mgongo wa kuibeba. Kisu kikate ya juu, kiiache ya chini bila hata mkwaruzo. Nafasi ikizidi nusu ya unywele, hakikati kitu; ikipungua nusu ya unywele, kinakata mpaka mgongo na kila kitu kinamwagika sakafuni. Kwa hiyo mita arobaini za mwanzo ni za kubembelezana. Zinatupwa. "Kabla ya kutoa moja nzuri," Mzunguko hupenda kusema, "bibi huyu anakula mia mbili mbaya." Maneno hayo yaweke mfukoni, utayahitaji.

Jambo la mwisho la ufundi, halafu twende kwa watu. Lebo zikishakatwa, kinachobaki pembeni na katikati yake kinafanana na wavu wa samaki, matundu matupu yenye gundi upande mmoja. Wavu huo unabanduliwa na kuviringishwa peke yake, utupwe. Na wavu hukatika. Hukatika kwenye pembe kali, hukatika kisu kikiwa butu, hukatika joto likipanda gundi ikaanza kuvuta. Ukikatika, mashine inasimamishwa, na ni desturi ya kiwanda kile tangu kifunguliwe kwamba watu wote, hata wa upande wa kufungasha, hata mpishi wa chai, wanapaza sauti pamoja: "Pole!" Siku nzuri Mzunguko anapewa pole kumi na mbili. Siku mbaya utadhani amefiwa na ukoo mzima.

Mke wake ni dada yangu, anayenifuata mimi kuzaliwa. Yeye ni fundi cherehani. Anakupima bega, anakupima kiuno, anachora kwa chaki, anakata kwa mkasi wake ambao ukiufungulia barua anaweza kukushtaki. Gauni lake linamkaa mtu mmoja tu hapa duniani. Akilivaa mwingine, linalia. Sasa mtu wa namna hiyo ameishi miaka ishirini na sita na mtu wa elfu sita.

Ungeingia nyumbani kwao ungeelewa. Kila oda huzidi kidogo, na kila kilichozidi Mzunguko alikileta nyumbani kwa mapenzi. Mlango wa jikoni ulibandikwa lebo ya siki. Sufuria zilikuwa na lebo za rangi ya mbao. Kibao cha kukatia mboga kiliandikwa "Kwa matumizi ya nje tu." Mtoto wao wa kwanza alijifunzia kusoma kwenye mlango wa friji, na maneno yake ya kwanza marefu yalikuwa "Tikisa kabla ya kutumia." Bibi yake aliyemsikia akiwa amempakata alipata mshtuko.

Basi siku walipotimiza miaka ishirini na sita ya ndoa, shemeji alirudi kazini na boksi.

"Mke wangu, fumba macho."

Dada akafumba. Ana moyo, yule.

"Fumbua."

"Nini hizi?"

"Zako. Zote. Elfu nne na mia mbili. Zilizidi kwenye oda, nikasema hizi zina mwenyewe."

Dada akatoa moja akaisoma. SABUNI YA MAJI. USINYWE. Akaibandua taratibu, akambandika mumewe kwenye paji la uso, akaipapasa mpaka ikashika vizuri, akaingia chumbani kufunga masanduku mawili.

Alifika kwangu jioni ile ile. "Kaka, nimekuja."

"Karibu. Kwa siku ngapi?"

"Hilo muulize shemeji yako. Nimemwachia sharti. Aniletee kitu alichonitengenezea mimi, kwa hiyo mashine yake anayoipenda. Kimoja. Si kilichozidi, si kilichobaki. Kimoja, cha kwangu. Vikiwa viwili, sirudi."

"Na cherehani?"

"Nimeiacha kule. Jumamosi ijayo atakuja mtu wa mkokoteni kuichukua."

Hapo nikajua si mchezo. Dada yangu anaweza kuacha nguo, anaweza kuacha vyombo, lakini siku cherehani yake ikihama nyumba, mjue ndoa imehama nayo. Na usidhani nilikuwa nafurahi kuwa na mgeni. Siku ya pili nilikuta mapazia yangu yamefupishwa. Siku ya tatu nilivaa suruali yangu nikakuta imepunguzwa kiuno. "Ilikuwa inakudanganya," akasema. Tangu hapo nilipumua kwa awamu.

Mzunguko alikuwa amekuja asubuhi ile ya kwanza tu, bado ana alama ya mraba kwenye paji la uso.

"Shemeji," akasema, "mwambie dada yako ameomba jambo ambalo halipo. Mashine haijui moja. Inajua kuzunguka. Ukiiambia moja, inakuuliza moja ya nini, mita arobaini za kwanza bado sijazimeza?"

"Mwambie mwenyewe."

"Nimemwambia. Amefunga dirisha."

"Basi kamwombe bosi wako akuchongee ngoma."

Nilikuwa natania. Yeye akaenda kweli. Meneja wao ni mtu mzuri, mnene, mwenye tabia ya kufunga milango kwa kisigino. Mazungumzo yao nimesimuliwa na mkaguzi wa lebo, mama mmoja mwenye miwani minene anayeitwa Macho Manne, aliyekuwa amesimama hapohapo akijifanya anahesabu.

"Bosi, naomba ngoma ya ua."

"Ua la nani?"

"La mke wangu."

"Oda yake ngapi?"

"Moja."

"Elfu moja?"

"Moja peke yake, bosi."

Meneja akavua tai ndipo akacheka. Alipomaliza akamweleza, kwa upole, kwamba ngoma inachongwa mbali, inafika baada ya wiki sita, na hakuna mtu mwenye akili anayechonga chuma kizima kwa ajili ya lebo chini ya elfu ishirini. "Mke wako ana mahali pa kubandika maua elfu ishirini?" akamuuliza.

"Ana mlango wa nyuma," Mzunguko akajibu, kisha akakumbuka sharti akainamisha kichwa.

Mwanamume hakukata tamaa. Stoo ya kiwanda imejaa ngoma za zamani, kila moja na umbo lake, zimepangwa rafuni kama mitungi. Akapata moja iliyochongwa kwa ajili ya lebo za mafuta ya kupaka miguu, umbo la wayo. Akaona mwanga: viatu! Akatafuta mpira wa kukanyagia, unene wa kidole, akauingiza mashineni wakati wa mapumziko ya chai.

Visu vya ngoma ile vimesimama juu ya chuma kwa kiasi cha ukucha uliokatwa. Vimefundishwa karatasi. Vilipokutana na mpira, ngoma haikukata, ikapanda juu yake kama mtu anayepanda godoro, mashine ikalia sauti ambayo Macho Manne anasema aliisikia mara ya mwisho kwa mama mkwe wake. Mpira ukatoka upande wa pili mzima, umechorwa nyayo nzuri sana, hakuna uliokatika. Kiwanda kizima: "Pole!"

Akajaribu tena na ngozi laini. Safari hii zilikatika, kingo zina manyoya kidogo, akashona mikanda, akaja kwangu mbio. Dada akatoka barazani. Mzunguko akampa ndala moja.

Dada akaiweka chini, akaweka mguu juu yake. Kisigino kilibaki nje, na vidole vitatu pia. "Hiki ni kiatu cha nani?"

"Ngoma haikui, mke wangu. Iliyochongwa ndiyo hiyo hiyo."

"Mm. Na mwenzake?"

Msomaji wangu, ungekuwa wewe ungefanya nini? Kiatu kimoja hakivaliki, viwili vimekatazwa. Mtu mwenye busara angenyamaza. Shemeji yangu akatabasamu, akaingiza mkono mfukoni, akamtoa mwenzake.

"Viwili," akasema dada, akaingia ndani.

Jumatano akaja na mbinu nyingine. Alipata ngoma ya nyota, zile wanazobandikiwa wanafunzi waliofaulu (mimi sikuwahi kuiona kwa karibu). Akakata nyota elfu tatu za karatasi ya dhahabu. Akamkabidhi Macho Manne zote azitie kwenye pipa la moto, ibaki moja, na Macho Manne akaandika cheti kwa mkono wake: "Nathibitisha imebaki nyota moja." Akaja nayo juu ya kisahani, amevaa shati lililopigwa pasi.

Dada aliitazama muda mrefu. Niliona mdomo wake umelegea kidogo upande wa kushoto, na huo ndio upande wake wa kucheka.

"Ina pembe nne na nusu," akasema.

"Pembe kali hazielewani na ngoma. Kisu kinazunguka, kinafika kwenye ncha kimechoka. Ndiyo maana lebo zote duniani zina pembe za mviringo, hujawahi kuziona?"

"Sikuwahi kuzitazama. Zilikuwa nyingi mno." Akachukua kisahani. Mimi moyoni nikaanza kuaga masanduku. Halafu akasema, "Hebu geuka."

"Nigeuke?"

"Geuka, baba."

Akageuka. Kwenye kalio la kulia la suruali yake ilimetameta nyota ya pili, na hiyo ilikuwa na pembe zote tano.

Alhamisi nilimfuata kiwandani, maana mtu akifikia hapo huwezi kumwacha peke yake. Nilimkuta uani nyuma, ameketi juu ya marobota ya takataka, kichwa amekishika kwa mikono yote miwili. Nikaketi naye. Nikampa ushauri wangu wote, na nina mwingi. Nilimwambia kuhusu wanawake, kuhusu subira, kuhusu mimi mwenyewe nilivyokuwa kijana na foleni iliyokuwa mlangoni kwa baba yangu. Hakunisikiliza hata robo. Nikainuka kwa hasira nikaanza kuondoka, nikavuka ua, nikatoka getini, nikafika kwenye duka la kona.

"Shemeji!" nikasikia anaita. "Simama hapo! Usigeuke!"

Nikasimama. Nilihisi kitu kinanivuta kwa nyuma. Wavu ulikuwa umenishika suruali pale nilipoketi, na nilikuwa nimeuburuta kutoka uani mpaka dukani, mita kama hamsini, unanifuata kama mkia wa mfalme.

Mzunguko alikuwa anakuja taratibu, macho yamemtoka. "Hicho kilichokushika ni vitu vingapi?"

"Una wazimu? Kimoja."

"Kimoja," akasema. Akarudia tena, kama mtu anayeonja chumvi. "Wiki nzima natafuta moja kwenye lebo, kumbe lebo ndizo elfu sita. Wavu ni mmoja. Roli zima, mwanzo mpaka mwisho, wavu ni mmoja! Ila usikatike."

Kwa hiyo wazo lile lilitoka kwenye makalio yangu, na silionei aibu. Watu wengi wenye digrii hawajawahi kutoa wazo kichwani.

Ila usikatike. Tangu kiwanda kifunguliwe, hakuna roli lililowahi kuisha bila pole. Wazee wa pale walikuwa wanasema ni kama kubeba maji viganjani ukiwa unakimbia yasikudondoke.

Bahati ikamwangukia kwa oda ya halali. Ijumaa kulikuwa na kazi ya lebo za nta ya sakafu, umbo la yai, hakuna pembe hata moja, na kati ya lebo na lebo kuna nafasi ya kidole gumba, kwa hiyo wavu wake una misuli. Roli la mita elfu moja ukiacha zile arobaini za kubembeleza, mizunguko elfu mbili na mia tano. Ngoma ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kunolewa. Alifika alfajiri kabla joto halijaamka, mimi nikiwa naye kama mwenye wazo, akampangusa Kipara kwa pamba na spiriti mpaka Kipara akajiona mwenyewe, akakaza nafasi kwa masikio, akala mita zake arobaini za kubembeleza, akazikata akaziweka kando. Halafu akaanza, mwendo wa mtu anayesindikiza bibi arusi.

Shida ilikuwa gundi. Wavu ukiviringishwa wenyewe kwa wenyewe hushikana, haufunguki tena. Macho Manne akasimama pale unapotoka na poda ya watoto, anaunyunyizia kila hatua. Mikebe kumi na minne iliisha. Kiwanda kizima kilinukia kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, na mafundi wenye ndevu walikuwa wanapiga chafya ndani ya viwiko, kimya kimya, maana hakuna aliyetaka kutikisa hewa.

Mizunguko mia tano. Elfu moja. Midomo ya watu imezoea kusema pole, siku hiyo haikuwa na pa kulisemea neno. Mpishi wa chai aliacha birika liungue. Elfu moja na mia tano. Wa kufungasha wakaacha kufungasha. Kwenye mzunguko wa elfu moja na mia tisa, meneja akaingia, akafunga mlango kwa kisigino kama kawaida yake, puu!

Karatasi ikayumba. Visu vikapita pembeni. Wavu upande mmoja ukabaki mwembamba kama uzi, watu arobaini wakafungua midomo, herufi ya kwanza ya pole ikawa tayari kwenye kila mdomo.

Haukukatika.

"Kwa nini kuko kimya?" meneja akauliza. "Na kwa nini mashine inatembea kama konokono? Nani amekufa?"

Macho Manne, mikono yote miwili imejaa poda, akamwambia kwa sauti ya chini, "Bosi, ukipiga chafya sasa hivi, ndoa ya mtu imevunjika." Meneja akashika pua yake kwa vidole viwili akabaki hivyo mpaka mwisho. Ndipo nikamheshimu.

Jumamosi asubuhi Mzunguko alifika kwangu na Macho Manne, wavu umeviringishwa, mzito kama ndama. Mtu wa mkokoteni alikuwa ameshafika, anakunywa chai yangu. Mzunguko akafunga ncha moja kwenye komeo la mlango wangu, yeye na Macho Manne wakaanza kuukunjua njiani, wakapotea kwenye kona. Walikaa nusu saa. Aliporudi alikuwa anatiririka jasho.

"Mke wangu," akaita. Dada akatoka, mkasi shingoni. "Hiki."

"Takataka hii?"

"Ni kimoja. Hakijawahi kuwepo kingine. Uliza kiwanda kizima. Hakina kiungo hata kimoja. Kitazame chote, ukiona nimeunga mahali, chukua cherehani yako na mimi nitasukuma mkokoteni."

Sasa, kumwambia dada yangu hakuna kiungo ni kumwambia mbwa hakuna mfupa. Huyu mtu anaona mshono kwenye nguo ya mtu aliye ng'ambo ya barabara. Akavaa miwani, akashika ncha ya wavu pale kwenye komeo, akaanza kutembea, kidole kwa kidole. Mumewe nyuma yake hatua tatu. Mimi nyuma ya mumewe. Mtu wa mkokoteni nyuma yangu, na mkokoteni wake mtupu, kwa sababu alikuwa ameagizwa upande huohuo.

Poda hupunguza gundi, haiiui. Katika nusu saa ile wavu ulikuwa umeshaanza maisha yake. Ulikuwa na majani. Ulikuwa na ndala ya mtoto. Jirani mmoja alidhani ni kamba ya umma akaanika soksi sita, dada akazibandua moja moja, akatazama chini yake, akazirudisha. Mbele ya kinyozi upepo ulikuwa umepeperusha nywele za wateja, na mita kumi nzima zilikuwa zimeota ndevu. Dada akazichana kwa vidole.

"Hapa je?"

"Hapo ndipo tulipobadilisha mkebe wa poda."

"Na hapa pamejikunja."

"Hapo mpishi aliangusha kifuniko cha birika."

"Mlikuwa wangapi?"

"Wote. Kazi ilisimama."

"Kwa ajili yangu?"

"Mashine haikusimama," akasema Mzunguko. "Watu ndio walisimama."

Dada akaendelea. Tulikata kona ya duka la vipuri, tukapita nyuma ya shule, mpaka tukafika mahali nilipopajua kabla hajapaona. Ni pale pa mzunguko wa elfu moja na mia tisa. Uzi. Uzi mtupu wa karatasi, urefu wa kiganja, umeshikilia mita mia saba na sitini upande mmoja na mia mbili na arobaini upande wa pili. Na hatua nne mbele yake kuku alikuwa amenaswa bawa moja, anavuta kwa nguvu zake zote kuelekea kwenye maslahi yake.

Dada alisimama. Akautazama uzi ule. Mkasi uko shingoni kwake. Hata asingehitaji mkasi, angepumua tu.

"Kaka," akasema bila kugeuka, "mshike kuku."

"Mimi?"

"Kaka, kuku!"

Nikamrukia. Nisingependa kueleza zaidi, isipokuwa kwamba suruali iliyopunguzwa kiuno haikushonwa kwa ajili ya kuruka. Nilipomshika, dada alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, ameuweka uzi ule juu ya viganja vyake viwili kama mtu anayebeba maji, anaulegeza pande zote mbili, polepole, mpaka ukalala chini bila kuvutwa na yeyote.

"Ukikatika je?" akauliza mtu wa mkokoteni, ambaye hakuna aliyemuuliza.

"Haukatiki," akasema dada.

Akainuka, akajipangusa magoti, akaendelea na ukaguzi, ila sasa vidole vyake vilikuwa vinapita tu, na macho yalikuwa mbele. Wavu ukaingia kwenye kichochoro anachokijua, ukapita kwenye ua anaoufagia, ukapanda ngazi mbili, ukaishia umefungwa kwenye kitasa cha mlango wa jikoni kwake. Chini ya lebo ya siki.

Akageuka. "Umejuaje kama utafika?"

"Kutoka kwa shemeji mpaka hapa ni mizunguko elfu mbili na mia mbili," Mzunguko akasema, anatazama viatu vyake. "Wiki hii nimeipima mara saba, nikija na kurudi. Ile mia tatu iliyozidi ni ya kona."

Ilikuwa imezidi, unaona. Hata siku hiyo ilizidi. Lakini dada hakuisema.

Aliingia ndani. Tukasikia kitambaa kinavutwa kutoka juu ya kitu, kisha kiti kinasogezwa. Halafu cherehani ikaanza kulia, trrr, ikanyamaza, trrr tena, kama mtu anayejaribu sauti baada ya mafua.

Mtu wa mkokoteni akachungulia dirishani. "Mama, nipakie?"

"Pakia," dada akajibu, "kule kwa kaka yangu kuna masanduku mawili. Ulete huku. Na uangalie unapokanyaga, usiniharibie kitu changu."

Basi ndivyo nilivyoipata tena nyumba yangu. Mapazia bado mafupi, na kuku yule hajajulikana mwenyewe mpaka leo, anataga chini ya kitanda changu. Suruali nimempelekea dada mara mbili ailegeze kiuno. Mara zote mbili ameniambia nisubiri, anamalizia shati la mumewe. Nikamuuliza mashati mangapi hayo yasiyoisha. Akanitazama juu ya miwani.

"Moja," akasema.